Sugu Chini ya Pete

Kazi ya mzee Sudalaimuthu ilikuwa moja tu: kuishi. Waliomwita mvivu walimwonea bure. Tangu mbuzi walipouzwa, kila asubuhi aliamka, akapumua, akaenda kunywa chai kwenye benchi la duka la Arunachalam, akapumua tena, na jioni akarudi nyumbani mzima. Na kwa kuwa yeye alipumua, mkewe Pechiyammal alihesabiwa mwanamke mwenye mume hai. Alivaa pete za fedha kwenye vidole vya miguu, akapaka manjano usoni, na kila sherehe ya mungu wa kike Mariamman ilipofika ni yeye aliyewatangulia wanawake wote wa Melakulam kupeleka vyungu vya miche ya nafaka bwawani. Heshima yote hiyo ilitoka kwenye mapafu ya mzee. Uji aliokunywa mzee, shati alilovaa na ile chai yenyewe vilitoka kwenye mikono ya Pechi, aliyeshinda barazani akisokota biri, zile sigara ndogo za majani, tangu ujana wake. Lakini hayo ni mambo madogo, nani ayataje?

Pete hizo alivishwa siku ya ndoa, mguu ukiwa juu ya jiwe la kusagia, moja kila mguu, kidole cha pili. Zilikuwa nene, zimezungushwa kama nyoka aliyeshiba. Mwanamke wa Melakulam haivui pete ya mguu. Anavuliwa, siku mume akifa, na wanawake waliokwisha vuliwa zao. Pechi aliapa kwamba hao watamsubiri sana.

Basi mwaka huo, miche ikiwa ndiyo kwanza imepandwa, mguu wa kulia ukaanza kumchoma. Kwanza alisema ni kijiwe. Akakitafuta kijiwe hicho kwa muda mrefu, maana Pechi hakuwa mtu wa kukubali kwamba kinachomuuma ni chake mwenyewe. Mwishowe akachanua vidole juani akaona. Ilikuwa sugu. Tena si ile kavu ya kisiginoni ambayo mtu huisugua kwa jiwe huku anapiga soga. Hii ilijificha katikati ya kidole cha pili na cha tatu, ndani kabisa, nyeupe, imelowana kama mchele uliosahaulika majini, na moyoni mwake ina kiini kama kichwa cha pini. Ukikanyaga, vidole viwili vinakibana kile kiini, na hapo hapo unawakumbuka wote waliowahi kukukosea.

Melakulam haina daktari, kwa hiyo kila mtu ni daktari. Jirani wa kushoto akaleta utomvu wa mmea wa porini, ukamchoma. Jirani wa kulia akasema utomvu ni ushamba, dawa ni mafuta ya ganda la korosho, na hayo yakamchoma vizuri zaidi. Kinyozi Madasamy akaja na wembe wake, akaipunguza sugu kwa ustadi huku akisimulia alivyomponya bwana mmoja tajiri ambaye jina lake halikumjia. Sugu ikapumzika kidogo, kisha ikarudi imenenepa. Mtoto wao Esakki, aliyeko Chennai na anayejua mambo, akatuma plasta za dawa kutoka duka kubwa la huko. Pechi akabandika moja katikati ya vidole, akaiacha kama karatasi ilivyosema. Plasta ikala ngozi nzima yote iliyokuwa jirani. Kiini haikukigusa.

Aliyeyaona hayo yote kwa macho ya huruma alikuwa Ponnuthayi, mke wa mdogo wake Sudalaimuthu. Ponnuthayi alikuwa na huruma nyingi kwa Pechi, hasa mwezi ule wa miche, maana baada ya Pechi ni yeye aliyefuata kwenye mstari, na alikuwa amefuata miaka na miaka.

"Dada, mbona siku hizi unatembea kama bata?" akamuuliza bombani.

"Natembea kama mtu asiye na haraka ya kwenda kusengenya."

"Haya. Mimi nilifikiri mguu."

"Mguu wangu ni mzima. Fikiria wa kwako."

Miche ilikaa gizani ndani ya nyumba ya udongo nyuma ya hekalu, na kila jioni wanawake walikusanyika uani kuimba na kupiga makofi wakizunguka duara, na Pechi ndiye mwenye kuanzisha wimbo. Jioni moja akiwa anazunguka, akainama, akanyoosha mkono, akageuka kwa madaha, akakanyaga vibaya. Kiini kikabanwa. Mwimbishaji akatoa sauti ambayo haikuwamo katika wimbo wowote wa Mariamman, akamwangukia mke wa fundi cherehani.

Ponnuthayi akawa wa kwanza kufika. "Pole, dada yangu, pole. Usijitese. Siku yenyewe chungu cha mbele nitakibeba mimi. Wewe utakaa kwenye kiti pale kivulini na wale bibi wengine, tutakuletea maji."

Wale bibi wengine walikuwa wamekaa pale pale kivulini, hawana meno, wakamchekea Pechi na kumsogezea nafasi.

Kesho yake asubuhi Pechi alikuwa kwenye basi la kwenda mjini.

Hospitalini alikaa kwenye benchi hadi makalio yakafa ganzi. Nesi akamwita, akamuuliza jina la mume. Pechi akamtazama kama aliyetukanwa. Mwanamke mwenye adabu zake hatamki jina la mumewe.

"Analo," akasema.

"Najua analo, bibi. Ni nani?"

"Ni baba yake Esakki."

"Jina lake yeye."

"Yule mungu anayekaa kule wanakochomwa maiti, anaitwaje?"

"Sudalai."

"Haya. Na lile jito jeupe litokalo baharini kwenye chaza?"

"Muthu," akasema mgonjwa mwenzake nyuma, na benchi zima likashangilia.

Daktari alikuwa Shameema, mama wa makamo mwenye miwani na mikono myepesi. Akamkalisha, akatenga vidole vyake na kumulika kwa tochi. Akanusa mafuta ya korosho, akatikisa kichwa. Alipoambiwa habari za plasta akauma mdomo.

"Bibi, dawa ile ni ya sugu ngumu, ile ya juu ya kidole au chini ya wayo. Hapa katikati pana unyevu siku zote. Dawa inatambaa, inakula ngozi nzima na mbovu pamoja. Usiiweke tena. Na huyo wa wembe mwambie ajinyoe nao ndevu zake mwenyewe."

"Basi ikate wewe."

"Kuikata tu hakusaidii. Angalia." Akakibana kidole cha pili kwa vidole vyake viwili. "Sugu si ugonjwa. Ni ngozi inajikinga. Hapa mfupa wa kidole hiki una kijinundu, unagongana na mfupa wa jirani yake. Na kinachousukuma mfupa ni hiki." Akaigonga pete kwa ukucha. "Imekaza. Unaona kidole kilivyovimba juu yake? Iko njia ya kisu na iko njia bila kisu. Kwa kisu nitakudunga sindano ya ganzi, nipasue kidogo ubavuni, nikisugue kile kinundu cha mfupa kiishe, nishone. Utakaa wiki kadhaa mguu juu."

"Sherehe ya Mariamman iko karibu. Natembea bila viatu, chungu kichwani."

"Basi kisu hapana. Njia ya pili, ninaipunguza sasa hivi ngozi iliyokufa, kisha unapakausha hapo katikati ya vidole kila unapolowa. Pakauke kabisa, bibi, siyo kufuta juu juu. Unaweka kipande hiki cha sponji kati ya vidole visigusane. Viatu viwe vipana. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, ndipo kisu, baada ya sherehe yenu."

"Nimekubali ya pili. Nipe sponji."

"Lakini pete inatoka. Kwa njia zote mbili pete inatoka kwanza. Ikibaki, nisikudanganye, tutakuwa tunapoteza sponji."

Pechi akavuta mguu wake akauficha ndani ya sari kama mtu aliyetaka kuibiwa. "Baba Esakki yuko hai."

"Mungu amweke. Sijasema amekufa."

Pechi akavitazama viatu vya daktari, vyeusi, vya kufunika. "Wewe umevaa?"

"Kwetu hatuvai."

"Na mumeo?"

"Yupo. Leo ndiye anayepika."

Hilo la kupika lilimshtua Pechi kuliko habari za kisu. Akapunguziwa ngozi, akapokea sponji zake, akaonyeshwa namna ya kuvua pete kwa uzi na sabuni, akasema asante, ameelewa, na havui. Akapanda basi la kurudi akiwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja na msimamo wake kwa mkono wa pili.

Jioni akamweleza mzee, kwa kumweleza tu. Sudalaimuthu alikuwa anakula. Akaacha kula, jambo ambalo halikutokea hata siku ya kimbunga.

"Uvue pete? Mimi nikiwa nimekaa hapa? Unataka nife kabla ya sherehe?"

"Nani kasema ufe? Nasema daktari ndivyo alivyosema."

"Daktari ameuona mguu wako, hakuiona roho yangu. Mke wa Velayutham alivua pete akaoge, Velayutham akagongwa na trekta."

"Velayutham alilala barabarani amelewa."

"Alilala kwa sababu pete ilikuwa imevuliwa! Nakukataza, Pechi. Mimi ndiye mume, nakukataza. Vumilia. Mguu ni kitu gani?"

Mpaka dakika ile Pechi hakuwa na nia yoyote ya kuvua pete. Tena, kwenye basi alikuwa amekwisha panga jinsi atakavyomsimulia kila mtu kwamba daktari mzima alimbembeleza naye akakataa. Lakini kukatazwa ni jambo lingine. Kukatazwa, tena na mtu anayemung'unya mchele alioutafuta yeye, na kuulizwa mguu ni kitu gani! Akainuka, akaenda uani, akachukua sabuni ya kufulia na uzi wa kufungia biri. Akauzungusha uzi kwenye kidole kama alivyoonyeshwa, akapaka sabuni, akavuta, akalia kidogo kwa kuwa hakuna aliyemwona, akavuta tena. Pete ikatoka na kuacha kidole chembamba, cheupe, kinatia huruma kama kuku aliyenyonyolewa. Akachovya uzi wa pamba kwenye manjano, akaufunga pale pale pete ilipokuwa, maana yeye si mtu wa kuacha kidole uchi. Hata mkufu wa ndoa ukikatika, mwanamke huvaa uzi wa manjano hadi sonara amalize. Kidole kina ubaya gani?

Asubuhi bombani mke wa fundi cherehani aliona. Hakuuliza. Kule kwetu mtu haulizi, anakimbia. Na anayekimbia hasimami kutazama uzi wa manjano, wala pete iliyobaki mguu wa kushoto. Kabla jua halijapanda walikuja wanawake wawili na shada la maua, wakajipiga vifua mlangoni. Sudalaimuthu alizipata habari za kifo chake dukani, kutoka kwa mtu aliyekuja kumuuliza Arunachalam kama maziko ni leo au kesho. Akamaliza chai yake, akaenda nyumbani moja kwa moja, akalala kwenye mkeka kusubiri. Alisubiri hadi chakula cha mchana, akaamka akala, akalala tena kusubiri. Siku ya pili pia alisubiri. Siku ya tatu akachoka, maana kusubiri kule hakuna benchi wala mazungumzo, akarudi dukani.

Mguu nao ukaanza kusikia dawa. Pechi aliukausha kwa kitambaa kila alipotoka kwenye maji, akasogeza sponji yake, akatafuta kandambili pana za kiume. Ile nyama nyeupe ikasinyaa. Kiini kilikuwepo bado, lakini kilikuwa kimepunguza kiburi. Sasa alikanyaga bila kumkumbuka mtu yeyote.

Kumbe taabu haikuwa kwenye mguu. Siku moja kabla ya sherehe wanawake wote walikusanyika hekaluni, na Ponnuthayi akasimama, sari mpya, sauti laini.

"Mimi sina neno na dada yangu. Mimi naogopa Mama Mariamman tu. Chungu cha mbele hubebwa na mwenye pete miguu yote miwili. Tangu bibi zetu. Asiye na pete anaonekana kama..." Akashika kinywa, eti neno lenyewe linamwuma.

"Kama nini? Malizia," akasema Pechi.

"Kama mtu ambaye sijui, dada. Mama atatazama miguu, atasemaje?"

"Mama ameshindwa kuona huo uzi wa manjano?"

"Uzi ni uzi."

Wakamgeukia kuhani. Kuhani alikuwa mtu wa kukubaliana na aliyesema mwisho, na aliyesema mwisho alikuwa Ponnuthayi. Akasema desturi ni desturi, lakini pia ugonjwa ni ugonjwa, lakini desturi hasa ni desturi.

"Vaa basi pete yako kesho tu, mama," mmoja akasema. "Kutoka hapa hadi bwawani tu."

Pechi akafikiri. Kutoka hapo hadi bwawani, na pete juu ya kidole ambacho ngozi yake ndiyo kwanza inafunga, chungu kizito kichwani, na chungu hakishushwi njiani. Angefika nusu, kisha angeanguka, na Ponnuthayi angekuwa hapo hapo nyuma yake, mikono wazi, kukidaka chungu. Siyo yeye. Chungu.

"Pete ni ya nini?" akauliza.

Wanawake wakainamia vidole vyao wenyewe.

"Ni ya kuonyesha mume yu hai. Si ndivyo? Mnaangalia kidole kwa kuwa mume hamumwoni, yuko dukani. Basi kesho hamtaangalia kidole. Nitawaletea mume mwenyewe. Atatembea mbele yangu hadi bwawani, mumtazame mpaka mchoke."

"Mwanaume kwenye mstari wa wanawake?" kuhani akauliza.

"Unayo desturi ya kumkataza? Itaje."

Kuhani akatafuta. Haikuwepo, kwa sababu hakuna mwanaume aliyewahi kuwa na wazimu wa kutaka.

Usiombe kumwona Sudalaimuthu siku ile. Shuka jeupe limefuliwa, taulo begani, majivu kwenye paji la uso, miguu mitupu juu ya lami yenye moto, ngoma nyuma yake, na nyuma ya ngoma Pechi na chungu chake, miche mirefu ya kijani kibichi ikitikisika, na nyuma yake wanawake wengine wote. Watu walipanda kwenye mapaa kumwona mzee akitembea. Wengine walikuwa hawajui kwamba anaweza.

"Polepole, Baba Esakki," Pechi akamwambia. "Hatukimbizwi."

"Lami inaunguza!"

"Mguu ni kitu gani? Vumilia."

Walipofika dukani kwa Arunachalam, miguu ya mzee ikageuka yenyewe. Haikuwa makusudi, ilijua njia moja tu. Akaketi kwenye benchi lake. Arunachalam naye, kwa mazoea, akampa bilauri ya chai. Ngoma zikanyamaza. Mstari mzima ukasimama juani.

"Dada," Ponnuthayi akasema kwa upole kutoka chini ya chungu chake, "ushahidi wako umekaa."

"Nauona."

"Kusimama hivi Mama hapendi. Unipishe tu, nitangulie taratibu, wewe utanikuta."

Kusimama ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kutembea. Uzito wote wa chungu ulishuka kwenye mguu, kiini kikaamka, na jasho likamtoka Pechi mgongoni. Hakugeuka. Hakumsihi mzee. Angemsihi angekuwa nani? Ponnuthayi akapiga hatua moja pembeni, kisha ya pili, chungu chake kikawa sambamba na cha Pechi.

Sudalaimuthu akamwona. Ni mke wa mdogo wake, mwanamke ambaye kila mwaka humwuliza kama bado anakohoa. Akaangalia chungu cha Ponnuthayi kikisogea mbele ya chungu cha mkewe, na huenda akapata kuelewa kwamba mtu akiachwa nyuma hapo, hata akipumua, hakuna atakayemhesabu. Au huenda benchi lilikuwa la moto. Akasimama, bilauri mkononi, akaingia barabarani mbele ya Ponnuthayi hata mwanamke huyo akalazimika kurudi nyuma.

"Twende, Pechi," akasema kwa sauti ya kijiji kizima. "Unasubiri nini?"

"Bilauri yangu!" Arunachalam akapiga kelele, lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Bwawani Pechi alikuwa wa kwanza kushuka ngazi zenye utelezi, kama kawaida yake, maji hadi magotini, akashusha chungu, akakiachia kiende. Wengine wakafuata. Ponnuthayi akakishusha chake kando ya mwamba, akimrushia maji kila mtu. Kisha Pechi akapanda, akaketi kwenye ngazi ya juu iliyo kavu, akaunyoosha mguu wa kulia. Sponji ilikuwa imekwenda na maji. Nyama katikati ya vidole imelowana chapachapa.

"Baba Esakki. Lete hiyo taulo."

Mzee akaivua begani, akampa.

"Sikusema nipe. Mgongo wangu hauinami. Futa wewe."

Wanawake wakaacha kukamua sari zao. Miguu ya wanaume ndiyo iliyozoea kushikwa Melakulam. Sudalaimuthu akaangalia huku, akaangalia huku, akaiweka bilauri chini, akapiga goti moja, akaanza kuupangusa wayo.

"Siyo huko juu. Katikati ya kidole. Chanua, uingize ncha ya taulo. Daktari kasema pakauke kabisa."

"Hapa?"

"Hapo. Taratibu, ndipo penyewe. Sasa kingine."

Ponnuthayi alikuwa amesimama ngazi ya chini, maji yanamchuruzika, akimtazama shemeji yake aliyepiga magoti. Kisha akageuza shingo, akamtafuta mume wake mwenyewe katikati ya wale wanaume waliokaa ukingoni.

"Wewe!" akamwita. "Umekaa huko na taulo yako kavu unatazama nini?"